Kwa Mwalimu

Langas, mtaa wetu wa Eldoret, mtu akisema anaenda kwa Mwalimu, hakuna aliyemuuliza ni mwalimu gani. Walimu tulikuwa nao wa kutosha, wa shule za msingi, wa sekondari, hata mmoja wa chuo aliyepanga nyuma ya kanisa. Lakini Mwalimu alikuwa mmoja, na kwake palikuwa nyumba ya mbao mwisho wa ploti yetu, karibu na bomba la maji, yenye mlango wa kijani. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia mabati, wanawake waliteremka pale na watoto, mmoja mgongoni, mwingine akivutwa mkono. Wakishawaacha walitawanyika: huyu kufua nguo za watu, huyu mjengo kubebea mafundi mawe, huyu sokoni, huyu kusimama nje ya geti la kiwanda akisubiri kuitwa. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye veranda ya duka pale stegi ya matatu, na cherehani na mtoto mchanga havikai pamoja. Kwa hivyo na mimi niliteremka pale, kwanza na Brayo, halafu miaka ikapita nikateremka tena na dada yake.

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye hatua za mtu anayechelewa mahali. Sweta yake ilikuwa ya kijivu, Januari hadi Desemba. Na alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sote: aliongea na watoto kama watu wazima, halafu akaongea nasi watu wazima kama watoto. Mtoto wa miaka miwili akimwaga uji, Mwalimu angeinama na kumwambia, "Pole mzee, hiyo kikombe ni kubwa kuliko mkono wako, si kosa lako." Lakini mama akichelewa kidogo tu jioni, alimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Brayo, saa hizi ndio saa gani?"

"Mwalimu, nilikuwa namalizia nguo ya mteja."

"Mtoto si mzigo, eti umeuacha stoo utauchukua ukipata nafasi. Ingia. Kaa hapo. Umekula?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikugombeza mpaka ukataka kulia, halafu akakumiminia chai na kukuuliza mguu wako unaendeleaje, ule uliolalamikia wiki iliyopita ukadhani hakusikia.

Hakuna aliyejua alitoka wapi. Kwetu hilo si jambo dogo. Baada ya yale mapigano ya uchaguzi yaliyotokea huku, watu wa Langas wamejifunza kuulizana kwao bila kuulizana. Wanasikiliza jina lako la pili, wanasikiliza unavyotamka "chakula," wanangoja uchaguzi ukaribie waone utapakia vitu uende upande gani. Yeye hakupakia. Alipoulizwa moja kwa moja, alisema, "Mimi natoka nasari." Mtu akicheka, yeye hakucheka. Na alijua lugha nyingi, si kwa undani, ila maneno ya kubembelezea. Kinandi, Kiluhya, Kikikuyu, hata Kiturkana kidogo. Alinieleza siku moja akimtikisa mtoto aliyekataa kunyamaza: "Mtoto akilia kulia tu, utamnyamazisha na Kiswahili. Lakini akilia sana, halii kwa Kiswahili. Lazima umtafute kwao."

Kabla ya kuwa wetu wa ploti, alikuwa amefundisha nasari, chekechea ya shule ya msingi ya umma, miaka mingi. Zamani hizo nasari ilikuwa mzigo wa wazazi. Kamati ilikusanya chochote, mwalimu akalipwa chochote, hata unga. Yeye alifundisha hivyo hivyo. Halafu kukaja mabadiliko, ikasemwa kwamba watoto wadogo sasa ni wa serikali, na walimu wao watakuwa wa serikali. Alisherehekea. Wanaokumbuka wanasema alinunua soda za darasa zima. Akasaini kandarasi. Kandarasi ikaisha. Akaambiwa asubiri mwaka mpya wa fedha, arudi Julai. Julai ikaja, wakaajiriwa wengine wachanga, wazuri tu, na yeye akaambiwa asubiri Julai nyingine. Hakukasirika. Aliwaonea huruma wale wachanga, akaenda akawaonyesha ni mtoto gani ana kifafa na ni yupi huwa anaficha chakula mfukoni kupelekea nduguye. Kisha akarudi nyumbani, akafungua mlango wa kijani, na sisi tukaanza kuteremka.

Nimejaribu kuelewa imani yake kwa serikali na sijaweza. Wanasiasa hakuwapenda. Mheshimiwa akipita na gari la spika, yeye alifunga dirisha kwa sababu kelele ziliamsha watoto. Lakini serikali yenyewe, ile isiyo na uso, aliiamini kama watu wengine wanavyoamini mvua. Siku ya kusomwa bajeti alivaa nguo yake ya kanisani. Nasema kweli. Gauni la bluu lenye kola nyeupe, na viatu vya kufunga. Alikaa karibu na redio, watoto wamelala kwenye magodoro, na ole wako uingie na maneno.

"Kimya. Leo wanasoma za watoto."

Nilikaa naye siku moja kama hiyo. Yule msomaji alisoma barabara, akasoma ulinzi, akasoma kilimo, akasoma madeni. Mwalimu aliinamisha kichwa akisikiliza. Kila likitajwa neno elimu alinyanyua kidole kidogo, kama mtoto anayetaka kuruhusiwa kusema. Elimu ilitajwa, lakini ya wakubwa. Chuo kikuu. Sekondari. Hotuba ikaisha, ukapigwa wimbo. Alizima redio akabaki anatazama kitufe.

"Watakuwa wameweka kwa kile kikaratasi kingine," alisema. "Si kila kitu kinasomwa."

"Mwalimu, wewe bado unangoja hao watu?"

"Serikali ni mzazi, Mama Brayo. Mzazi anaweza kuchelewa. Hawezi kusahau."

Sitaki mtu anielewe vibaya, nisimfanye mtakatifu. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto, wa kiume, aliyelelewa na watu wengine mbali ili yeye afundishe wa wenzake. Alikuja mara moja nikiwa hapo, kijana mkubwa, mwenye heshima ya kumpa mkono mama yake kama anavyompa chifu. Walikunywa chai wakaongea habari za mahindi. Alipoondoka Mwalimu alisema, "Anaongea vizuri," kama mtu anayesifu mtoto wa jirani, akaendelea kuosha vikombe.

Na kuna habari ya dawa.

Binti yangu alikuwa bado hajatembea. Jioni moja nilimchukua akiwa amelala, nikamfikisha nyumbani akiwa amelala, nikamwosha bado amelala. Kesho yake hivyo hivyo. Moyo ukanisumbua. Siku iliyofuata niliacha cherehani mchana nikaenda bila kutarajiwa. Nilikuta chumba kimya, kimya ambacho chumba cha watoto hakipaswi kuwa nacho. Walikuwa wamepangwa kwenye magodoro kama mikate, na Mwalimu amepiga magoti katikati yao, chupa ya dawa ya mafua mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, na kijiko kilikuwa kinaelekea kwa binti yangu.

"Huyo hana mafua," nilisema.

"Najua."

"Sasa unampea ya nini?"

Hakukana. Aliweka chupa chini polepole. "Yule msichana alikuwa ananisaidia amepata kazi ya nyumba mjini. Mikono yangu ni hii. Nikibeba mmoja, mwingine anaenda kwa jiko. Nikimtoa kwa jiko, mwingine ametoka kwa barabara. Wakilala, angalau najua wako hai."

"Unawalewesha watoto wetu!"

"Ndiyo," alisema. "Nawalewesha."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwanamke wa rika la mama yake. Nilimchukua binti yangu, nikakaa naye stegi chini ya meza ya cherehani, na siku ya pili tu akavuta kitambaa kikiwa kinashonwa, kidogo sindano ipite kwenye kidole chake. Kesho yake niliteremka tena kwenye mlango wa kijani kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine. Mwalimu alimpokea. Wenzangu waliniambia alikuwa ameimwaga dawa yote chooni mbele yao, na kwamba aliwaambia wote alichokuwa akifanya, mmoja mmoja, akiwaangalia machoni. Hakuna aliyemtoa mtoto. Wangempeleka wapi? Kuanzia hapo ungemkuta amemfunga mmoja mgongoni, mwingine kifuani, anasonga ugali akiwa ameinama upande kama mti uliopigwa na upepo.

Kisha tukaletewa jengo.

Palikuwa na uwanja mtupu chini kidogo, ambapo vijana walichezea mpira. Wakaja watu wakapima. Ikasemwa ni mahali pa kulelea watoto, pa umma, pa watu wa chini, mama akienda kazini anaacha mtoto kwa walimu waliosomea, na serikali inalipa. Mwalimu aliposikia hakulala, yeye mwenyewe alinieleza. Mawe yalipoanza kushushwa alikuwa hapo kila asubuhi kabla watoto hawajaja. Aliwapikia mafundi chai. Alibishana na fundi mkuu kuhusu madirisha mpaka yakashushwa, ili mtoto aweze kuona nje bila kupanda kitu. Vyoo vidogo vilipoletwa, vya kimo cha mtoto, vyeupe, alikwenda akavigusa kama mtu anayegusa uso wa mgonjwa aliyepona. Ukutani wakachora twiga na herufi. Paa likawa la bluu.

Siku ya kufunguliwa kulikuwa na mahema. Watoto wa Mwalimu waliimba, nilikuwa nimewashonea vifulana kwa vitambaa vilivyobaki. Mheshimiwa mmoja alikata utepe, akampa Mwalimu mkono, akashika kipaza sauti.

"Kuanzia leo," alisema, "watoto wa Langas hawatalelewa tena kwa mabanda!"

Tulipiga makofi. Mwalimu alipiga kuliko wote. Banda lililotajwa lilikuwa lake.

Mahema yaliondolewa jioni hiyo hiyo, mlango ukatiwa kufuli, na kufuli ikabaki. Tulidhani ni wiki moja ya kupanga mambo. Tukaambiwa pesa za kujenga zilikuwa kikapu kimoja na pesa za walimu kikapu kingine, na hicho kingine bado. Mwalimu alieleza hayo kwa utulivu kama aliyekuwepo kikaoni. "Huwezi kuweka watoto bila walimu. Wanafanya vizuri kungoja. Julai itafika." Asubuhi alikwenda kufagia veranda ya lile jengo, ili watakapofungua wasikute uchafu.

Waliokuja mwishowe hawakuja kufungua. Walikuja kwa Mwalimu. Walikuwa mabwana wawili wa ofisi ya serikali na mama mmoja kijana mwenye adabu, na wote watatu walivua viatu kabla ya kuingia, sitasema walikuwa watu wabaya. Nilikuwa nimeleta mtoto, nikasimama.

"Mama, tumetumwa tu," alisema yule mama kijana. "Hii nyumba haijafikia viwango. Choo ni cha ploti nzima. Mlango ni mmoja. Moto ukishika, mtatokea wapi?"

"Ni kweli," alisema Mwalimu.

"Na watoto ni wengi kwa mtu mmoja."

"Ni kweli kabisa."

"Kwa hivyo hatuwezi kuruhusu iendelee. Na sasa si serikali imeshajenga center hapo? Hakuna haja watoto wakae hapa."

"Center imefungwa," nilidakia mimi.

"Itafunguliwa, madam. Iko kwa process."

Nilimwangalia Mwalimu nikitaka apige kelele, awarushie kikombe, afanye kitu. Aliwashukuru. Aliwaambia kila walichosema amekuwa akikisema yeye mwenyewe miaka yote. Bwana mmoja akachora alama nyekundu kwenye mlango wa kijani, akaomba msamaha kwa kuuchafua. Wiki iliyofuata Mwalimu alipokea watoto wachache kwa siri, chifu akamwita, akamwambia atakamatwa. Akaacha. "Mimi ni mtu wa sheria," alituambia. "Nikivunja sheria mimi, nitawafundisha nini hawa?"

Sasa sikiliza ni nini hufuata pale mahali kama pale panapofungwa. Hakuna mama aliyeacha kwenda kazini, kwa sababu tumbo halifungwi. Wengine walipeleka watoto kwa nyanya zao mashambani, waliokuwa na nyanya. Mimi binti yangu alikuwa amefika umri wa shule, Mungu akanisitiri. Waliobaki walifunga. Mama alimwekea mtoto chakula kwenye sahani, maji kwenye kikombe, ndoo pembeni, akafunga mlango kwa nje na kufuli kwa kuogopa wezi wa watoto, akaenda. Ukipita ploti mchana ulisikia watoto wakiongea nyuma ya milango. Wengine waliongea peke yao. Wengine waliongea na wenzao kupitia ukuta wa mbao. Nilianza kuzunguka njia ya mbali ili nisipite hapo.

Mwalimu alipita. Alichukua kigoda chake akatembea mlango hadi mlango. Funguo hakuwa nazo, wala hakuziomba, kwa sababu angefungua angekuwa amewapokea tena. Aliketi nje akaongea kupitia mwanya chini ya mlango. Aliwahesabisha. Aliwaimbisha. Aliwauliza wamekula nini na kama ndoo imejaa. Mlango alioukalia zaidi ulikuwa wa Mama Mercy, msichana kutoka Western, mdogo sana kuwa mama, aliyefua nguo za watu mtaa wa matajiri. Mercy alikuwa na miaka mitatu na maneno mengi. Nilimwona Mwalimu siku moja amelala kifudifudi kwenye matope, gauni limelowa, kidole chake kimoja kimepita chini ya mlango, na ndani kuna mtu anacheka.

Julai ilikuja na baridi yake. Nyinyi mnaotujua mnajua Julai yetu, mvua ya asubuhi, upepo, vidole vinakataa kushika sindano. Siku moja Mwalimu hakuwa kwenye ploti. Alikuwa amevaa gauni la bluu akaenda mjini, kwa sababu mwaka mpya wa fedha ulikuwa umeanza na aliambiwa arudi Julai. Mama Mercy naye alikuwa na nguo za kufua. Mtoto alikuwa na kikohozi, nyumba ni ya mbao, baridi inaingia kila upande. Akamwachia jiko la makaa ndani, makaa yakiwa mekundu tu, bila moshi, akaziba mianya na magunia ili joto lisitoke. Akambusu, akafunga kufuli.

Hapakuwa na moto wowote. Hewa yenye sumu ya makaa haina kelele. Mchana jirani mmoja aliona amekaa muda mrefu bila kumsikia Mercy akiongea, akagonga, akaita. Vijana wakavunja kufuli kwa nyundo. Nilifika mbio kutoka stegi nikakuta amelazwa kwenye nyasi kando ya bomba, mvua inamnyeshea usoni, na hakuna aliyetaka kumfunika kwa sababu kumfunika ni kukubali.

Mwalimu alirudi jioni kwa miguu. Alitokea kwenye kona akiwa na viatu mkononi, anatembea kwa matope, na nilipomwona uso nilijua kule mjini pia hakukuwa na kitu. Watu wakampisha. Mtoto alikuwa ameshachukuliwa. Alisimama pale penye nyasi zilizolala.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza.

Tukamwambia yuko polisi. Walimchukua hapo hapo, na sabuni bado mikononi.

Hakuingia nyumbani kwake hata kubadilisha gauni. Nilikwenda naye. Kituoni tulimsikia Mama Mercy kabla ya kumwona, alikuwa ndani analia akirudia neno moja, "Nilimfunika, nilimfunika." Askari aliyekuwa kaunta alikuwa mtu mzima, mchovu.

"Nimekuja kwa sababu ya huyo msichana," alisema Mwalimu. "Muachilieni. Hana makosa. Aliambiwa mtoto atakuwa na mahali."

"Mama, hiyo itasemewa kortini. Wewe ni nani wa marehemu? Nyanya?"

"Hapana."

"Shangazi?"

"Mimi ni mwalimu wake."

Askari akachukua kalamu. "Mwalimu wa shule gani?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Mimi mwenyewe nilitafuta naye, kichwani mwangu, jina la kumpa, la ile shule ya zamani, la lile jengo la bluu, la mlango wenye alama nyekundu. Askari alingoja na kalamu yake. Nyuma yetu watu wengine waliingia na mambo yao.

"Mama?" alisema. "Shule gani?"

Aligeuka akatoka nje. Mimi ndiye niliyebaki kueleza.

Mama Mercy aliachiliwa baadaye, kwa huruma ya hakimu, akarudi kwao na sijamsikia tena. Mwalimu alikaa Langas mwaka mmoja hivi baada ya mazishi. Hakupita tena kwenye milango. Siku ya bajeti iliyofuata nilikwenda kumtazama, nikamkuta anaosha blanketi, redio haipo. Niliuliza iko wapi. Alisema aliitoa. Sikuuliza alimpa nani. Kabla ya mwaka huo kuisha nyumba ilikuwa na mpangaji mwingine, fundi wa viatu, akapaka mlango rangi ya kahawia. Mwalimu hakumuaga mtu yeyote. Nilikasirika, nikalia, halafu kazi ikanifunika.

Mwaka jana nilipata oda ya sare za shule kutoka kwa mwenye duka wa mji wa Burnt Forest. Nikazipeleka siku ya soko. Nilipokuwa nangoja kurudi, nilisimama kando ya barabara ya Nakuru penye viazi, wanawake wamezunguka marundo wakichagua, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyooza pembeni. Mmoja wao alikuwa mrefu, ameinama. Sweta ya kijivu.

"Mwalimu!"

Wenzake hawakujua ni nani anaitwa. Yeye alinyanyua kichwa, akanitambua, akatabasamu kidogo.

"Mama Brayo. Umenenepa."

Niliinama karibu naye. Nikamweleza habari za Brayo, yuko sekondari sasa, habari za dada yake. Alisikiliza, mikono ikiendelea. Nikamwambia, kwa sababu sikujua la kusema, kwamba lile jengo la bluu bado limefungwa, kwamba wameweka humo mahema na viti vya mikutano.

"Sikuuliza," alisema. Hakusema kwa ukali.

Nyuma ya rundo, juu ya magunia matupu, kulikuwa na watoto wachanga watatu au wanne, wa wale wanawake. Wengine wamelala. Mmoja alikuwa ameamka akatambaa mpaka ukingoni mwa magunia, akaanza kulia, akiangalia malori yanayopita. Mama yake, upande ule mwingine wa viazi, aliita bila kusimama.

"Mama, niangalilie huyo kidogo, tafadhali!"

"Mimi siangalii watoto," alisema Mwalimu, akachukua kiazi kingine.

Hakuna aliyeshangaa. Inaonekana walikuwa wameshazoea jibu hilo na bado wanajaribu. Mtoto akazidisha kilio, uso umejaa vumbi na makamasi. Nilisubiri. Nilikuwa na hakika atasimama, nilisubiri kama mtu anavyosubiri jua litoke nyuma ya wingu. Mikono yake ilichagua kikubwa, kidogo, kilichooza. Mwishowe nilikwenda mimi, nikamwinua mtoto, nikamweka begani, naye akanishika shingo kwa nguvu akanyamaza mara moja.

Mwalimu aliniangalia wakati huo, kwa mara ya kwanza vizuri.

"Mweke chini," aliniambia polepole. "Gari yako inakuja. Akikuzoea, ukienda nani atamnyamazisha?"

Gari ilikuwa imeshasimama, kondakta anagonga bodi akiita Eldoret. Nilimrudisha mtoto kwenye magunia. Ilibidi nifungue vidole vyake kimoja kimoja.